Chokaa ya Shamba: Mahali Moto Unatakiwa na Mahali Hautakiwi

Ninyi wakulima wa vijiji vilivyo karibu na migodi, someni maneno haya polepole. Mwenye kujua kusoma awasomee wazee wake na majirani zake.

Watu wengi wa Katanga wanaona kwamba mashamba yao yamechoka. Mahindi yanaota, lakini ni membamba. Ukiyang'oa, unakuta mizizi mifupi na minene, haikushuka chini. Maharagi yanakuwa manjano kabla ya kutoa maua. Mihogo tu inavumilia. Mara nyingi sababu ni hii: udongo ni mchachu. Mvua ya miaka mingi imeosha chakula cha mimea, na uchachu umebaki.

Dawa ya uchachu inajulikana. Ni chokaa. Basi watu wengine wanakata miti, wanajenga tanuru, wanachoma jiwe la chokaa mchana na usiku, kisha wanamwaga chokaa ile shambani. Mavuno yanakuwa mazuri, lakini pori linakwisha. Na pori hilo ndilo linalotoa makala ya kupikia, uyoga, asali na miti ya nyumba. Wachoma makala wa Lubumbashi wanakwenda mbali zaidi kuliko baba zao, kwa sababu miti ya karibu imekwisha.

Tunataka kuwaonyesha jambo moja. Chokaa ya ukuta inataka moto. Chokaa ya shamba haitaki moto. Jiwe lile lile, likisagwa vizuri tu, linaponya udongo bila kuni hata moja. Lakini msikubali neno hili kwa sababu limeandikwa kitabuni. Jueni sababu yake. Mwenye kujua sababu hadanganywi na mwuzaji.

1. Mambo yanayokwenda yenyewe

Tazama nyumbani mwako. Ukimwaga chumvi katika maji, chumvi inaenea katika maji yote. Hujapata kuona chumvi ikijikusanya tena yenyewe pembeni mwa sufuria. Moshi wa jiko unaenea nyumbani. Haurudi ndani ya kuni. Sufuria ya moto ikiondolewa jikoni, joto lake linaenea katika hewa. Hewa hairudishi joto lile katika sufuria.

Basi kuna sheria moja: mambo yakiachwa yenyewe, yanakwenda upande wa kutawanyika. Vitu vinatawanyika, na joto pia linatawanyika. Wenye elimu wamepima mtawanyiko huo kwa hesabu. Mjerumani mmoja, Rudolf Clausius, aliupa jina la entropia mwaka wa 1865. Mmarekani mmoja, Josiah Willard Gibbs, alionyesha katika maandiko yake ya miaka ya 1876 mpaka 1878 namna ya kuutumia kwa kujua kama vitu viwili vitaungana au vitaachana. Sisi tutasema mtawanyiko tu. Inatosha.

Sasa utauliza: Kitu kinachotaka joto, kinaweza kwenda chenyewe bila moto? Jibu: Ndiyo, mara nyingine. Tazama mtungi wa udongo uliojaa maji. Wakati wa kiangazi maji yanapenya kidogo katika udongo wa mtungi, yanakauka kwa nje, na maji ya ndani yanakuwa baridi. Hakuna mtu aliyewasha moto. Maji yanayokauka yamechukua joto la maji yanayobaki, yakaenda zao. Juu ya nini? Kwa sababu maji ndani ya mtungi yamekaa pamoja, lakini yakiwa mvuke yanatawanyika katika hewa yote. Faida ya kutawanyika ni kubwa kuliko hasara ya kuchukua joto. Wakati wa mvua, hewa imekwisha kujaa mvuke. Nafasi ya kutawanyika ni ndogo, na mtungi haupoi sana.

Mwenye urea nyumbani anaweza kujaribu jambo lingine. Tia konzi moja ya urea katika kopo la maji, koroga, kisha shika kopo kwa mkono. Utasikia baridi. Urea imechukua joto la maji kwa kuyeyuka, na imeyeyuka yenyewe, kwa sababu imetawanyika.

2. Hesabu mbili, siyo moja

Kwa hiyo ukitaka kujua kama jambo litakwenda lenyewe, fanya hesabu mbili.

Hesabu ya kwanza ni ya vitu vyenyewe. Je, vinatawanyika au vinakusanyika? Jiwe likitoa gazi, vinatawanyika sana, maana gazi haina nyumba. Inakwenda po pote. Gazi ikiingia katika jiwe, vinakusanyika.

Hesabu ya pili ni ya joto. Je, jambo lile linatoa joto nje au linachukua joto la nje? Likitoa joto, joto lile linatawanyika pande zote, na hiyo ni faida. Likichukua joto, ni hasara.

Ukijumlisha hesabu mbili na kuona faida, jambo linaweza kwenda lenyewe. Ukiona hasara, haliendi, hata ungoje miaka mia.

Lakini angalieni neno hili, maana ndilo neno la moto. Hasara ya joto haina kipimo kimoja mahali pote. Mtu maskini akipoteza sahani moja ya unga, nyumba nzima inalala na njaa. Tajiri mwenye magunia mia akipoteza sahani ile ile, hajui hata kama imepotea. Hivyo hivyo, kuchukua joto mahali pa baridi ni hasara kubwa. Kuchukua joto lile lile mahali penye moto mkali ni hasara ndogo. Hii ndiyo kazi ya moto katika tanuru: inapunguza hasara mpaka faida ya kutawanyika inaishinda.

3. Jiwe la chokaa ndani ya tanuru

Jiwe la chokaa linapatikana Katanga mahali pengi. Jiwe la Kakontwe, karibu na Likasi, linajulikana tangu zamani, na huko Lubudi watu wamepata kutengeneza saruji kwa jiwe la chokaa. Ndani ya jiwe hilo vitu viwili vimeungana: chokaa na gazi. Gazi hiyo ni ile ile inayotoka katika pumzi yetu na katika moshi wa kuni. Tunaiita gazi ya kaboni.

Kilo 100 za jiwe safi zina kilo 56 za chokaa na kilo 44 za gazi. Jiwe hilo la kilo 100 halijazi ndoo nne za litri kumi. Lakini gazi yake, ikitoka na kupoa katika hewa, inajaza litri 24.000 hivi! Tazameni basi namna gazi hiyo ilivyobanwa, na namna itakavyotawanyika ikipata njia.

Juu ya nini basi jiwe linakaa mlimani miaka na miaka bila kuachana na gazi yake? Kwa sababu kuachana kunataka joto jingi. Kwa kipimo cha wenye elimu, faida ya kutawanyika kwa gazi ni 160 hivi. Lakini kivulini, katika joto la digrii 25, hasara ya kuchukua joto ni 600 hivi. Mia sita inashinda mia moja sitini. Jiwe halisogei. Katika tanuru ya digrii 900, hasara inashuka mpaka 150 hivi. Sasa faida na hasara ni karibu sawa, na moto ukiongezeka kidogo tu, gazi inakimbia.

Kila jiwe lina hesabu yake. Wazee wa nchi hii walijua jambo hili kwa mikono yao. Walichukua jiwe la kijani la shaba, wakalitia katika tanuru pamoja na makala, wakavuta mivuo, wakapata shaba, na wakaimimina kuwa misalaba ya biashara. Jiwe la kijani ni rahisi kuliko jiwe la chokaa: linaacha maji na gazi yake kabla ya digrii 400, na kubaki unga mweusi. Kisha gazi ya makala inaondoa hewa iliyofungwa katika unga ule, na shaba inabaki peke yake. Moto mkali wa mivuo ulitakiwa hasa kwa kuyeyusha shaba, maana shaba inayeyuka katika digrii 1.085.

Kwa mwenye kuchoma chokaa ya nyumba, hesabu hii inatoa mafundisho matatu:

Kwanza, vunja mawe yawe sawa, kama ngumi. Jiwe kubwa linaiva nje tu, na moyo wake unabaki mbichi.

Pili, acha hewa ipite katika tanuru. Gazi ikikaa ndani, haina nafasi ya kutawanyika, kama mvuke wakati wa mvua. Mawe yatakataa kuiva hata kama kuni ni nyingi.

Tatu, usilale karibu na tanuru, wala usiingie katika shimo lake, hata usiku ukiwa wa baridi. Gazi ya kaboni ni nzito, haionekani, inakaa chini. Na katika moshi wa makala kuna gazi nyingine yenye sumu kali zaidi. Mtu anasinzia, na asubuhi haamki.

4. Chokaa inataka kurudi kuwa jiwe

Chokaa ikitoka motoni, hesabu imegeuka, maana sasa iko tena mahali pa baridi. Ukiimwagia maji, inayashika kwa nguvu, inapasuka, inavuma, na maji yanachemka bila moto. Maji yamekusanyika ndani ya chokaa, hiyo ni hasara. Lakini joto linalotoka ni jingi mno, na mahali pa baridi joto ni faida kubwa. Kwa hiyo jambo linakwenda lenyewe. Joto lile ndilo sehemu ya joto la kuni zako linalorudi. Jihadhari: chokaa isiyozimwa inaunguza ngozi na kupofusha macho. Usiwape watoto kazi hiyo. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi muda mrefu, kisha enda kwa mganga wa dispensari upesi.

Baadaye chokaa iliyozimwa inavuta gazi ya kaboni katika hewa, polepole, na kuwa jiwe tena. Ndiyo maana ukuta wenye chokaa unakauka na kuwa mgumu.

Na hapa mnunuzi afungue macho. Kilo 56 za chokaa isiyozimwa, zikinywa maji, zinakuwa kilo 74. Zikinywa gazi mpaka mwisho, zinakuwa kilo 100. Mfuko ulioachwa wazi sokoni unaongezeka uzito bila mtu kuongeza kitu. Ukiununua kwa kilo kama chokaa mpya, unanunua maji na hewa kwa feza yako. Chukua konzi moja katika bakuli ya udongo, simama mbali kidogo, tia maji. Kama haipati joto, chokaa ile imekwisha kuzimwa. Usiilipe bei ya chokaa isiyozimwa.

5. Jiwe ndani ya udongo mchachu

Sasa tumefika shambani. Chukua kipande cha jiwe la chokaa, kikwaruze upate unga, kisha dondoshea maji ya ndimu. Utaona povu. Povu lile ni gazi ya kaboni inayotoka katika jiwe. Tanuru iko wapi? Hakuna. Kuni ziko wapi? Hakuna. Ndimu imefanya kwa baridi kazi ambayo moto unaifanya kwa digrii 900.

Juu ya nini? Fanya hesabu zile mbili. Gazi inatoka na kutawanyika: faida. Na joto? Jiwe likikutana na uchachu, halichukui joto la nje; linatoa joto kidogo: faida tena. Faida mbili, hasara hakuna. Jambo linakwenda lenyewe.

Udongo mchachu ni kama ndimu iliyo dhaifu sana. Unga wa jiwe ukichanganywa nao, uchachu unakula jiwe, gazi inatoka polepole katika hewa, chokaa inabaki katika udongo, na uchachu unakwisha. Kwa hiyo mwenye kuchoma jiwe kwa ajili ya shamba amelipa kuni kwa kazi ambayo udongo wake ungefanya bure. Na kuni hizo siyo kidogo. Kuachanisha kilo 100 za jiwe na gazi yake kunakula joto la kilo 12 hivi za kuni kavu, hata kama hakuna joto linalopotea. Ongeza kuni za kupasha mawe yenyewe, ongeza joto linalopotea juu na pembeni. Tanuru ya kijiji inakula mara nyingi zaidi.

6. Kuweza kwenda siyo kwenda mbio

Mwingine atasema: Nilitupa mawe ya chokaa shambani, sikuona kitu. Ni kweli. Jambo lenye faida linaweza kwenda, lakini halikuahidi kwenda upesi. Kuni kavu zinaweza kuwaka katika hewa, lakini zinakaa chini ya paa miaka bila kuwaka mpaka mtu alete kibiriti. Uchachu unakula jiwe kwa juu tu. Jiwe kama ngumi lina sehemu ndogo ya kuguswa. Linakaa miaka mingi. Jiwe lile likisagwa kama unga wa bukari, uchachu unaligusa pande zote, na kazi inaonekana katika msimu ule ule au ule unaofuata. Kwa hiyo nguvu yako usiitie katika kukata miti. Itie katika kusaga na kuchekecha. Chokaa iliyochomwa inafanya kazi upesi zaidi, hilo ni kweli. Lakini mwenye kutangulia kidogo hahitaji upesi huo.

Fanyeni hivi:

a) Pima udongo kwanza, kama agronomu anaweza kukusaidia. Udongo usio mchachu hautaki chokaa. Chokaa ikizidi, nayo inaharibu shamba.

b) Jua jiwe lako. Jiwe la kijani nalo linatoa povu kwa ndimu, lakini lina shaba, na shaba nyingi inaua mizizi. Usichukue mawe wala vumbi ya malundo ya mgodi, hata kama ni nyeupe. Mna shaba, kobalti na vitu vingine vibaya. Mahali ambapo miti haioti na majani mafupi tu yanaota, udongo wa pale mara nyingi una shaba. Chokaa haiwezi kuiondoa.

c) Kwa udongo mchachu wa kawaida, anza na kilo 10 mpaka 20 za unga wa jiwe kwa kila kipande cha shamba cha metri 10 kwa metri 10. Ukipewa chokaa iliyochomwa, tia kidogo zaidi: kilo 74 za iliyozimwa, au kilo 56 za isiyozimwa, zinafanya kazi ya kilo 100 za unga wa jiwe safi.

d) Mwaga unga wiki kadhaa kabla ya kupanda, siku isiyo na upepo, kitambaa kikiwa puani na mdomoni. Changanya na udongo kwa jembe mpaka kina cha mkono. Unga ukibaki juu tu, uchachu wa chini hauupati.

e) Usichanganye chokaa na urea wala mbolea ya amonia siku moja. Ukisikia harufu kali inayochoma pua, ni mbolea yako inatoka kuwa gazi na kutawanyika katika hewa. Sheria ile ile inayokusaidia hapa inakuibia. Acha wiki kadhaa zipite, na ufukie mbolea katika udongo.

f) Usitupe majivu ya jiko. Majivu nayo yanapunguza uchachu. Ndiyo sababu mojawapo mashamba ya matawi yaliyochomwa, kama Wabemba na Walamba wanavyofanya, yanatoa mavuno mazuri mwanzoni. Lakini majivu ya jiko lako yamekwisha kulipiwa. Majivu ya pori zima yanalipwa na watoto wako.

Maneno ya kushika

Vitu na joto vikiachwa vyenyewe vinatawanyika. Jambo likileta mtawanyiko zaidi kwa jumla, linaweza kwenda lenyewe. Moto unasaidia jambo linalochukua joto, kwa kupunguza hasara yake. Jambo lenye faida katika baridi halihitaji moto. Linahitaji kusagwa, kuchanganywa na kungojewa.

Kwa hiyo, kwa ukuta, choma. Kwa shamba, saga. Na mti uliobaki umesimama, uache usimame.